Siku Awor Alipohama Mstari

Uchovu wa Awor ulikuwa na sauti. Akiinuka kitandani alfajiri, magoti yake yalilia kwa nguvu hata kuku wa jirani wakatoka bandani mbio wakidhani kuna mtu anamwaga mtama. Wengine husema kwamba askari wa kizuizi cha mpakani kule Malaba naye aliwahi kuusikia mlio huo, akaruka pembeni akidhani lori limekatika breki. Hilo la askari huenda limetiwa chumvi. La kuku ni la kweli, hata kuku wenyewe hawalikatai.

Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, binti wa Wapadhola wa Iyolwa aliyeolewa Buteba kwa Wateso, upande wa Uganda. Mume alikufa mapema, na binti yao wa pekee, Carol, aliolewa ng'ambo ya mpaka, Busia ya Kenya. Awor akabaki na shamba la mihogo, na nyumba ya mabati yenye chumba kimoja kitupu. Chumba hicho ndicho kilichomponza.

Kulikuwa na mpango wa taifa wa vijana wa kujitolea. Kijana akimaliza masomo yake mjini hutumwa kijijini akakae mwaka mmoja, awatumikie watu, kisha arudi kwao. Lakini kijana hatupwi tu barabarani kama gunia. Lazima kuwe na kikundi cha kumpokea, na ndani ya kikundi lazima kuwe na mlezi: mtu wa kumpa pa kulala, kutembea naye boma kwa boma, kumwambia nani asalimiwe kwanza na jambo gani lisitajwe mbele ya nani. Mlezi naye anajitolea. Anapewa fulana yenye maandishi mgongoni, basi.

Wanawake wa kutunza visima vya Buteba ndio walioomba kupokea vijana. Ombi lilipokubaliwa walishangilia, wakacheza ngoma, kisha wote kwa pamoja wakamgeukia yule mwenye chumba kitupu.

Kijana wa kwanza alileta majiko ya udongo. Wa pili alisema majiko hayafai, akaleta habari ya kuchimba vyoo. Wa tatu alileta mizinga. Nyuki wake walikaa wiki moja tu, wakaangalia hali ya maua ya Buteba, wakavuka mpaka kwenda Kenya bila hata kugonga muhuri. Wa nne alikuwa msichana mpole aliyeogopa mbuzi, na Awor alilazimika kutembea mbele yake akifukuza mbuzi kwa kanga miezi mitatu, mpaka mbuzi wa kijiji kizima wakawa wanamwamkia Awor kwa kuinamisha pembe.

Kila mmoja alikuja hajui kitu. Kila mmoja alianza kwa kuuliza swali moja: "Mama, hapa watu wanahitaji nini?" Na kila mmoja, mwaka ulipokwisha, alipokuwa sasa anaijua njia ya kila boma na ameacha kuogopa, na watoto wamekwisha kumpa jina la Kiteso, alifunga mizigo. Awor alimsindikiza hadi stendi. Kijana alilia, Awor akalia. Kijana aliapa kwamba atapiga simu kila Jumapili. Jumapili ya kwanza alipiga. Jumapili ya pili alipiga, akasema mtandao mbaya. Kisha Awor alirudi kufagia chumba, na baada ya mwezi pikipiki ilileta mwingine: "Mama, hapa watu wanahitaji nini?"

Kutembea hakukumshinda, wala kupika. Kilichomchosha ni kuanza. Alikuwa ameanza mara nyingi mno. Wenzake wanazeeka kwa kumaliza mambo, yeye alikuwa anazeeka kwa kuyaanza.

Basi Phillip, msimamizi wa mpango katika wilaya, alipofika na pikipiki yake na kutangaza kwamba muda wa mlezi umekwisha, kwamba Jumamosi wakazi watapanga mstari kumchagua mlezi mpya au kumrudisha yule yule, Awor alisimama kwa furaha bila magoti kulia. Siku hiyo kuku hawakutoka.

Jioni yake alikuwa kwa wifi yake Aguti, wanamenya mihogo. Aguti alikuwa dada wa marehemu mumewe, mfupi na mnene, mwenye kicheko cha kuamsha wafu na ulimi wa kuwarudisha kaburini.

"Wifi," Awor alisema, "Jumamosi mimi napumzika."

"Unapumzika wapi? Mbinguni?"

"Hapa hapa. Natandika mkeka yangu, nalala mchana, mtu akipita namwangalia hivi na jicho moja."

"Wewe? Ukilala mchana tutaita padri."

"Aguti, usicheke. Mimi nimechoka. Mwambie watu wasipange nyuma yangu."

Aguti aliacha kumenya. "Niwaambie watu? Watu gani wananisikia mimi? Na wewe unajua watapanga. Watauliza, nani mwingine anajua hii kazi?"

"Sasa nitakataa."

"Utakataa mstari?" Aguti akaguna. "Haya, kataa. Halafu siku ukifa, uchimbe kaburi mwenyewe."

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Buteba mtu anaweza kukataa chakula, anaweza kukataa mume, anaweza hata kukataa kanisa kwa muda. Lakini watu wakishapanga mstari nyuma ya mtu, mchana, kwa miguu yao wenyewe, mtu huyo hawezi kugeuka na kusema sitaki. Ni kama kuwatemea wote mate usoni, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Aliyewahi kufanya hivyo alihamia Tororo, na husemwa kwamba hata huko mvua ikinyesha inamruka. Kwa hiyo Awor alijua: mstari ukisimama nyuma yake Jumamosi, ataanza tena. Na alijua kwamba safari hii akianza hatafika mwisho.

Jumamosi ilifika na jua lake. Watu walikusanyika kwenye uwanja wa ghala la zamani la pamba. Mwenyekiti wa kijiji, Okumu, ambaye wote walimwita Cheyamani, alikuja na fimbo yake ya kuhesabia watu, fimbo nyembamba iliyopakwa rangi ncha kama mguu wa kuku. Phillip alikaa kwenye kiti pembeni na kusema kwamba kijana mpya, Patience, yuko njiani anatoka Kampala.

"Mlezi wa zamani aje mbele," alisema Okumu.

"Cheyamani," Awor akasema kutoka alipoketi, "mimi niache. Nipo sawa hapa."

"Mama Carol, utaratibu ni utaratibu. Hatuwezi kumwondoa mtu ambaye hajasimama. Njoo simama tu, watu wakuone."

Awor alikwenda mbele. Magoti yalilia, na mtoto mmoja akaangalia nyuma akitafuta mlango uliofunguka.

"Mwingine?" Okumu akauliza. "Nani anataka kusimama?"

Watu walitazama chini. Walitazama viatu vyao, na wasio na viatu walitazama vya wenzao. Hata nzi walitua.

Hapo Ekaju akakohoa. Ekaju alikuwa mzee wa koti la kijivu, koti alilolivaa kiangazi na masika, na hakuna kazi duniani ambayo hakujua jinsi ya kuifanya kuliko anayeifanya. Alijua kuchimba visima kuliko wachimbaji. Alijua kuzalisha kuliko wakunga. Miaka yote alikuwa amemfuata Awor kwa maneno tu, akiwa ameketi: mgeni usimpitishe huku, mgeni usimpe ile, mimi ningekuwa wewe ningefanya hivi.

"Kazi yenyewe ni nini?" alisema sasa. "Kutembea na mtoto wa watu, kumwonyesha nyumba. Hata mimi naweza na jicho moja nimefumba."

Awor alimtazama kama mtu mwenye kiu anavyotazama mtungi.

"Cheyamani," akasema, "mimi nampendekeza Ekaju."

Uwanja ulicheka. Ekaju naye alicheka, akakaza koti, akaenda kusimama mbele hatua kumi hivi kutoka kwa Awor. Hakuogopa kitu. Kusimama mbele ni heshima, na alijua vizuri kwamba hakuna mtu atakayepanga nyuma yake. Angepata heshima, kisha angerudi kukaa.

"Haya, watu yangu," Okumu akapaza sauti. "Pangeni!"

Wakapanga. Wote walikwenda nyuma ya Awor. Aguti alikuwa wa kwanza, akifuatwa na wanawake wa visima, na vijana wa bodaboda, na wazee, na kina mama wenye watoto mgongoni. Nyuma ya Ekaju palibaki nyasi tu. Hata mkewe, Alaso, alimpita akiwa ameinamisha kichwa.

"Alaso!" Ekaju akaita. "Mke wangu!"

"Nyumbani nakufuata," Alaso akajibu bila kusimama. "Hapa niache."

Mstari ukarefuka. Ulitoka uwanjani, ukapita ukuta wa ghala, ukafika barabarani. Watu wa mpakani wana jambo moja: tangu wazaliwe wamekuwa kwenye foleni. Foleni ya maji, foleni ya chandarua, foleni ya chanjo, foleni ya kuvuka na kurudi. Wakiona mgongo wa mtu umesimama nyuma ya mgongo mwingine, wanaingia kwanza, habari zitawakuta huko mbele. Wanasema mkia wa mstari siku hiyo uliunganika na malori yaliyokuwa yanangoja kuvuka Malaba, na dereva mmoja alisogea hatua mbili na lori lake. Hata Rasto, muuza mabeseni kutoka upande wa Kenya, aliingia na mabeseni yake kichwani.

"Wasee, hii laini ni ya nini?"

"Hatujui," wakamwambia. "Lakini ni ndefu."

"Kama ni ndefu lazima kuna kitu. Mimi siendi mahali."

"Mkenya, toka!" Okumu akamfokea kutoka mbali, akinyoosha fimbo. "Hii ni ya wakazi!"

"Sawa, Mzee, nimetoka. Lakini mkigawa mnikumbuke."

Awor aligeuka akautazama mstari wake. Zilikuwa nyuso anazozijua zote. Aliowasukumia mikokoteni, aliowakalisha kwenye vivuli vya matanga, aliowapelekea vijana wa majiko na wa vyoo na wa nyuki, nao wakawapokea kwa ajili yake. Walikuwa wanamtazama kwa upendo, na upendo wao ulikuwa umepangika vizuri, mmoja nyuma ya mwingine, kama mzigo unaongoja kubebwa. Hakuwachukia. Laiti angewachukia, ingekuwa rahisi.

Okumu alikuwa ameinua fimbo kuanza kuhesabu.

"Cheyamani," Awor akasema. Sauti ilitoka ndogo. "Mimi ni mkazi?"

"Swali gani hilo? Wewe ni mkazi."

"Mkazi ana haki ya kupanga?"

"Kila mkazi anapanga."

"Basi mimi sijapanga. Nakwenda kupanga."

Akaondoka pale alipokuwa. Alivuka ule uwanja polepole, magoti yakilia hatua kwa hatua, akaenda akasimama nyuma ya Ekaju. Karibu sana, hata aliweza kunusa moshi na ugoro wa koti lake. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Akageuza kichwa.

Aguti alikuwa bado pale kwenye kichwa cha mstari, mbele yake pakiwa wazi. Wawili hao walitazamana. Aguti alikuwa amemcheka wiki nzima. Alikuwa amemwambia kila aliyepita kwamba wifi yake anataka kujifanya malkia. Sasa hakucheka. Alimtazama Awor miguuni, viatu vya plastiki vilivyokatwa mbele ili vidole vilivyovimba vipumue, kisha akamtazama usoni. Halafu akashika kanga yake, akainua mguu, akaja kusimama nyuma yake.

Aliyekuwa nyuma ya Aguti aliona mgongo wa Aguti unaondoka, akaufuata. Aliyekuwa nyuma ya huyo akaufuata wake. Hakuna aliyeuliza. Mstari wote ukajikunja kama chatu aliyekumbuka kitu nyumbani, ukavuka uwanja, wanawake wa visima, bodaboda, wazee, watoto mgongoni, wale wa ukutani, wale wa barabarani ambao hawakuwa wameona chochote ila kwamba mambo yanasogea, na kusogea ni jambo zuri. Wakasimama. Wakapumua.

Ekaju aligeuka kuona kelele ni za nini. Rangi ilimtoka usoni ikaenda hadi kwenye koti.

"Hapana," akasema. "Hapana, hapana. Huu mstari ni wa Awor."

"Ni wako, Mzee," Awor akamwambia.

"Ngoja nikapange na mimi kule nyuma—"

Awor alimshika koti. Mikono yake ilikuwa imechoka, lakini haikuwa imechoka kiasi hicho. "Tulia hapa. Usituharibie hesabu."

Okumu aliteremka na fimbo yake akihesabu. Alipofika katikati alisahau, akarudi. Mara ya pili alisahau tena, akasema haidhuru, wote wako upande mmoja, mwenye macho ameona.

"Mlezi ni Ekaju!"

Ndipo kelele zikaanza. "Cheyamani, sisi tulipanga nyuma ya Awor!"

"Sasa mmesimama nyuma ya nani?"

"Nyuma ya Awor!"

"Na Awor amesimama nyuma ya nani?"

Wakatazama. Wakanyoosha shingo. Wakaona koti.

"Nani anakataa mstari?" Okumu akauliza, na hakuna aliyetaka kuhamia Tororo.

Ekaju alifungua mdomo, akatazama nyuso zile zote zikimtazama kutoka ghala hadi barabarani, akaufunga. Phillip alikuja na fulana mpya. Ilikuwa ndogo, haikupita juu ya koti, na koti hakulivua. Wakamtundikia begani.

Patience akafika wakati watu wanatawanyika, ameketi upande upande kwenye bodaboda na sanduku la magurudumu limefungwa nyuma kwa mpira. Alikuwa ameambiwa ofisini amtafute Mama Awor, mwanamke mrefu. Akamwona, akaja moja kwa moja, akapiga magoti vumbini akasalimu. Uso wake ulikuwa mwangavu na wenye hofu, kama nyuso zote zilizotangulia. Mkono wa Awor ulikwenda wenyewe kwenye mshikio wa sanduku. Aliuona ukienda. Ilibidi aurudishe kwa mkono mwingine.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Mlezi wako ni yule pale. Mwenye koti."

"Mama, na hapa watu wanahitaji nini?"

"Muulize yeye. Anajua kila kitu."

Asubuhi iliyofuata, baada ya chai, Awor alitandika mkeka mbele ya nyumba, upande wa kivuli, akalala chali. Mwili haukujua la kufanya. Miguu ilirukaruka yenyewe kama ya mbwa anayeota. Hakuwa na furaha aliyoitegemea. Uchovu ulikuja wote kwa pamoja, wa kijana wa kwanza na wa pili na wa wote, kana kwamba miaka yote hiyo ulikuwa unapiga foleni mlangoni ukingoja zamu, na sasa umefunguliwa.

Akasikia viatu. Ekaju alikuwa amesimama kwenye ua na Patience nyuma yake. Fulana bado iko begani.

"Dada Awor," alisema Ekaju, na tangu azaliwe hakuwahi kumwita dada. "Habari ya kulala?"

"Nalala sasa. Habari utapata nikiamka."

"Tulikuwa tunasema, huyu mtoto na mimi, labda leo, leo tu, ututangulie kidogo. Ile njia ya visima vya chini. Kisha sisi tutaendelea."

Patience alikuwa ameshika daftari kifuani kwa mikono miwili, na jasho lilikuwa limeshamtoka ingawa jua halijapanda. Awor aliliona hilo. Aliona pia kwamba amevaa viatu vya kumchubua kabla ya saa sita. Angeweza kusema. Lilikuwa neno moja tu, na baada ya neno moja angejifunga kanga, na baada ya kanga angeinua goti.

"Ekaju," akasema, "mimi siinuki."

"Leo tu, dada."

"Hata leo."

Ekaju alingoja kidogo, akaona hapana. Wakaondoka. Wakafika njia panda, na Ekaju, kwa uhakika wote alio nao mtu wa koti, akashika njia ya kushoto. Visima viko kulia. Kushoto ni kinamasi. Awor alijiinua kwa kiwiko, mdomo ukafunguka. Akachukua kipande cha muhogo kilichobaki kwenye sahani, akakitia mdomoni chote, akatafuna, akasikiliza sauti zao zikipungua mpaka zikaisha.

Walirudi kutoka kinamasini wakiwa na matope hadi magotini, hilo kijiji kizima kilishuhudia, ingawa wapo wanaosema matope yalifika kifuani na Ekaju alitoka na kambale mfukoni mwa koti. Walishika njia ya kulia. Walifika visimani kabla ya mchana, wamechelewa, lakini walifika.

Mchana Aguti alikuja kumpa habari hizo. Akamkuta Awor vile vile, chali, macho wazi.

"Wifi, umekufa?"

"Bado."

"Unalala?"

"Najaribu. Usingizi hauji upesi."

Aguti alisimama akimtazama, mikono kiunoni. Akavua viatu vyake.

"Sogea," akasema.

Awor akasogea.